Debe haliongezi abiria: pumzi ya mzamia pweza

"Shikamoo dokta. Nikihema harakaharaka mara ishirini kabla ya kuzama, si najaza akiba?"

Aliyeniuliza ni kijana anayezamia pweza Mikindani. Nilimjibu: marahaba mwanangu, hujazi kitu. Unazima kengele.

Mapafu si puto mbili tupu kama wengi wanavyodhani. Ndani yake mna mamia ya mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa. Ukivitandaza vyote utapata mita za mraba 70 hivi. Kila kifuko kimezungukwa na vishipa vyembamba ambamo chembe nyekundu za damu hupita moja moja, zikijibana. Baina ya hewa na damu kuna utando usiofika hata sehemu ya elfu moja ya milimita. Hakuna pampu pale. Oksijeni huhama kutoka kwenye shinikizo kubwa, kifukoni, kwenda kwenye shinikizo dogo, damuni. Hewa ya ukaa nayo hutoka damuni ikaingia kifukoni kwa kanuni hiyohiyo. Damu hukaa hapo chini ya sekunde moja, na kwa mwenye afya aliyetulia hata robo ya sekunde hutosha.

Basi damu inayotoka mapafuni tayari imebeba oksijeni asilimia 97 au 98 ya uwezo wake. Ni Hiace ya Masasi iliyokwisha kujaa: mpiga debe aite mpaka sauti imkauke, abiria haongezeki.

Kinachobadilika ni hewa ya ukaa. Ile hamu ya kupumua inayokubana kifua chini ya maji huletwa hasa na hewa hiyo kuzidi damuni, wala si oksijeni kupungua. Ukihema sana umeifukuza, hivyo unakaa chini ukijiona shujaa huku oksijeni inakwisha kimyakimya.

Na hatari kubwa iko njiani kurudi juu (hili ndilo lilimshangaza). Kwenye kina cha mita 10 shinikizo huwa maradufu ya lile la juu, kwa hiyo hata oksijeni kidogo iliyobaki husukumwa damuni. Ukipanda, shinikizo linashuka. Oksijeni ya kifukoni yaweza kuwa dhaifu kuliko ya damuni, ikaanza kurudi nyuma. Mtu anazimia huku mwanga wa jua anauona.

Nikamwambia apumue kawaida, apumzike vya kutosha kati ya mizamo, na asizame bila mwenzake wa kumwangalia kutoka juu.

Akakuna kichwa. "Huyo mwenzangu, dokta, ndiye aliyenifundisha kuhema."

Nimemwomba aje naye Jumamosi.