Barua pepe za kitapeli: tunavyodhani na ilivyo

Dhana: Wanaonaswa ni wale wasioijua kompyuta.
Kati ya 2013 na 2015, Evaldas Rimasauskas wa Lithuania alizitumia Google na Facebook ankara bandia kwa jina la kampuni ya Taiwan iliyokuwa ikiwauzia vifaa kweli. Zikalipwa, zaidi ya dola milioni 100. Mwaka 2019 mahakama ya Marekani ilimfunga miaka 5. Kwa hiyo tusimcheke mama aliyetapeliwa, tumsaidie.

Dhana: Jina la benki likionekana juu, barua imetoka benki.
Jina hilo mtumaji hujiandikia mwenyewe. Angalia anwani iliyo baada ya alama ya @. Kwenye kiungo, usikibofye kwanza: kwenye simu kibonyeze kwa muda mpaka anwani yote ijitokeze. Tuseme imeandikwa benkiyako.co.tz.uhakiki-akaunti.com/ingia. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza, usihesabu ile miwili ya https://, kisha soma kurudi nyuma. Mwenye tovuti ni uhakiki-akaunti.com, hayo ya “benkiyako” yamebandikwa mbele ili jicho lako litulie. Wengi husoma mwanzo tu, na matapeli wanalijua hilo.

Dhana: Alama ya kufuli kwenye anwani ya tovuti ni dalili ya uaminifu.
Kufuli husema tu kwamba mnachotumiana hakisomwi njiani. Aliye upande wa pili anaweza kuwa mwizi, na cheti cha kufuli hupatikana bure.

Dhana: Barua ikitoka kwa mtu ninayewasiliana naye, ni salama.
Hii ndiyo inayoniumiza zaidi, maana humkuta mtu mwangalifu. Chukua anayeagiza gari Japani. Ameandikiana na muuzaji wiki tatu. Tapeli aliyeiba nenosiri la mmoja wao amekaa kimya akisoma kila kitu. Siku ya malipo inakuja barua ndani ya mazungumzo yaleyale: namba ya chasisi ileile, bei ileile, salamu zilezile. Kilichobadilika ni akaunti ya benki, “kwa sababu ya ukaguzi wa hesabu”.

Hapo hata anwani inaweza kuwa ya kweli, na kuijibu barua hiyo ni kumuuliza tapeli mwenyewe. Mpigie muuzaji kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, akusomee akaunti yake tarakimu kwa tarakimu. Kama pesa zimeshatoka, ipigie benki yako saa hiyohiyo uwaombe wazizuie, kisha uende polisi na barua zote. Usizifute.