Nahodha wa Bounty hakurudi kuwasaka waasi

Kipande cha Mutiny on the Bounty, filamu ya Hollywood ya mwaka 1935, huzungushwa sana kwenye makundi kikidaiwa kuonyesha historia ilivyokuwa: William Bligh, nahodha wa meli ya Kiingereza ya Bounty aliyepinduliwa na mabaharia wake, alirudi mwenyewe na meli ya Pandora kuwasaka. Si kweli.

Uasi ulitokea kweli, tarehe 28 Aprili 1789. Nahodha alishushwa pamoja na watu 18 kwenye mashua ya wazi ya mita 7 hivi, iliyolemewa hadi maji yakakaribia ukingo, akaiongoza zaidi ya kilomita 6,000 mpaka kisiwa cha Timor. Kwangu hicho ndicho kisa cha kusimulia! Pandora iliongozwa na nahodha mwingine kabisa, ikazama kwenye matumbawe ya Australia mwaka 1791. Kumbukumbu za kesi ya waasi ya 1792 zimechapishwa, na ushahidi wa nahodha huyo wa Pandora umo.

Picha zisizo na rangi hutuhadaa kwa sababu zinafanana na kumbukumbu halisi, ilhali kamera ya sinema ilikuja miaka 100 hivi baada ya uasi huo. Ukiupata ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Mweleze kwa upole aliyekutumia.