Je, wajua? Anayeongoza vita dhidi ya mlipuko wa ugonjwa si lazima awe daktari mwenye cheo kikubwa

Kwa miaka mingi niliamini kwamba ugonjwa ukilipuka, anayeshika usukani ni daktari mwenye cheo kuliko wote. Niliamini pia kwamba uongozi wa aina hiyo ni kipaji: wapo waliozaliwa na kifua cha kubeba balaa, na tupo sisi wengine. Yote mawili nilikosea, na lile la kwanza nililibishania hadharani.

Ukweli ni kwamba katika mfumo unaotumiwa na Shirika la Afya Duniani na nchi nyingi, mlipuko huendeshwa na meneja wa tukio. Huyu huteuliwa kwa kuwa amefunzwa kazi hiyo. Wakubwa wanabaki na vyeo vyao, sera na fungu la fedha, ila amri za kila siku hutoka kwake. Tukio likiisha, anarudi kwenye meza yake ya zamani.

Ichukue kamati ya harusi. Mwenye shughuli ni baba wa bwana harusi, lakini mwenyekiti anaweza kuwa kijana wa nusu ya umri wake. Chini ya mwenyekiti yupo wa chakula, wa ukumbi, wa usafiri na mtunza hazina. Mchele ukipungua, mpishi hampigii mzee simu. Anamwambia wa chakula, naye anamfuata mtunza hazina. Siku mzee anapoingia jikoni na kuanza kutoa amri (nani hajaliona hili?), wali hupikwa mara mbili na nyama husahaulika. Kwenye dharura, vivyo hivyo: kila mtu ana msimamizi mmoja tu, na kila msimamizi ana watu 3 hadi 7. Wakizidi, kundi linagawanywa, maana hakuna kichwa kinachosikiliza watu 20 wanaoongea kwa pamoja.

Utaratibu huu haukuzaliwa hospitalini. Ulitoka kwa wazima moto wa California, baada ya mioto ya mwaka 1970 iliyoua watu 16 ndani ya siku 13. Magari yalikuwepo na watu walikuwepo. Kilichokosekana ni lugha moja ya kazi, na jibu la swali dogo: nani anamsikiliza nani?

Nigeria ilivuna matunda yake mwaka 2014. Ebola ilipoingia Lagos kwa ndege tarehe 20 Julai, nchi tayari ilikuwa na kituo cha dharura cha kupambana na polio. Naibu meneja wa kituo hicho, Dkt. Faisal Shuaib, akakabidhiwa Ebola. Watu karibu 900 waliokuwa wamekutana na wagonjwa walifuatiliwa, waliougua wakaishia 20, waliofariki 8. Tarehe 20 Oktoba nchi ikatangazwa kuwa salama.

Hata hivyo, tusiupe mfumo sifa zote. Abiria aliyeileta Ebola alizidiwa alipofika uwanja wa ndege na kupelekwa moja kwa moja hospitalini, ambako Dkt. Ameyo Adadevoh alikataa kumruhusu aondoke licha ya shinikizo. Hapo pana bahati, na pana ujasiri wa mtu mmoja ambaye maisha yake yaliondoka na ugonjwa huohuo.

Na hicho kipaji? Hufundishwa, tena kwa njia inayofanana na maigizo. Juni 2019, Kenya na Tanzania zilifanya zoezi la siku nne mpakani Namanga: homa ya Bonde la Ufa (ugonjwa wa mifugo unaoambukiza pia binadamu) ya kubuni, watu wa afya ya binadamu na wa mifugo wakipimwa kama wanajua la kufanya na wa kumpa taarifa. Kwamba mazoezi haya huwafanya watu waujue mpango wao, hilo linaonekana. Kwamba yanapunguza vifo, ni vigumu kulithibitisha, kwa kuwa mlipuko mmoja haurudiwi mara mbili, mara moja na waliofunzwa na mara nyingine bila wao.