Spishi Mpya Si Mnyama Aliyezaliwa Jana

Nafundisha baiolojia Moshi. Kila tukifika kwenye krasteshia, yaani jamii ya kaa, kamba na uduvi, nasikia maneno yale yale.

"Mwalimu, sisi watu wa mlimani hayo ya baharini hayatuhusu." Hapo nawatoa nje. Kwenye kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, chini ya jiwe lenye unyevu, kuna kadudu ka kijivu kanakojikunja kama punje ya choroko ukikagusa. Hesabu miguu: 14. Basi si mdudu, maana mdudu ana sita. Ni krasteshia, ndugu wa wale wa baharini, na viungo vyake vya kupumulia viko chini ya tumbo, vinataka unyevu mpaka leo.

"Spishi mpya imetokea." Haijatokea. Mnyama alikuwapo siku zote, kipya ni maelezo yake. Mara nyingi alishavuliwa zamani, akatiwa kwenye chupa ya spiriti, chupa ikakaa kabatini. Utafiti uliochapishwa 2012 ulionyesha kwamba tangu kielelezo, yaani mnyama wa kuchunguzwa, kikusanywe mpaka spishi ielezwe hupita wastani wa miaka 21.

"Aliyemwona kwanza ndiye mgunduzi." Dhana hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana inaficha kazi yenyewe. Mchukue kopepodi, krasteshia wa majini ambaye anaweza kuwa mdogo kuliko punje ya ulezi. Mtaalamu humweka kwenye tone la gliserini chini ya hadubini, akamchambua kwa sindano nyembamba, mguu mmoja mmoja, akichora na kuhesabu vinyweleo. Kwa wengi wao jozi ya tano ya miguu, hasa ya dume, ndiyo inayotoa uamuzi. Kisha analinganisha na spishi zote za karibu, nyingine zilielezwa karne ya 19. DNA inasaidia sana kutenganisha wanaofanana, lakini nayo lazima ilinganishwe na kielelezo chenye jina. Mwishoni kielelezo kimoja huhifadhiwa makumbusho kiwe kipimo cha jina hilo, na maelezo huchapishwa.

"Wasiofanana ni spishi tofauti." Wataalamu wenyewe waliteleza hapa. Kuna krasteshia wanaoitwa Gnathia: akiwa bado mtoto hunyonya damu ya samaki, akikomaa hali tena. Dume huota mataya kama koleo, jike hujaa mayai. Zamani wachanga na madume waliwekwa kwenye jenasi mbili, yaani makundi mawili tofauti ya spishi! Na wale wenye magamba magumu wanaoganda kwenye miamba na mashua walidhaniwa ni ndugu wa chaza, hadi mwanasayansi John Vaughan Thompson alipoonyesha mwaka 1830 kwamba wachanga wao ni krasteshia.

"Mgunduzi hujipa jina lake." Si desturi. Mtafiti Paul Sikkel na wenzake walimwita mmoja wa hao wanyonya damu, wa Karibi, Gnathia marleyi, kwa heshima ya Bob Marley. Hiyo ni 2012. Mwaka 2020 akaja krasteshia mwingine, Eurythenes plasticus, kutoka Mfereji wa Mariana katika Pasifiki, kina cha zaidi ya mita 6,000. Alikutwa na plastiki tumboni kabla hajawa na jina.