Je, wajua kwa nini nondo huanguka ukitikisa funguo?

Mvua zikianza hapa Dodoma, taa ya barazani hujaa nondo. Nazungumzia mdudu, si ile ya fundi ujenzi. Tikisa funguo karibu nao, na huenda mmoja akadondoka kama kokoto, akatulia sakafuni, kisha akaruka tena.

Kwa miaka nilikuwa na jibu: kaungua na balbu. Tukaweka balbu za LED zisizo na joto la kumchoma mtu, wakaendelea kudondoka. Nikahamia jibu la pili, kwamba ni upepo wa mkono wangu. Nikapunga mkono mtupu, hakuna aliyejali. Nikarudi hatua tatu nikatikisa funguo: chini!

Kumbe wanasikia. Nondo wengi wana masikio, ila si kichwani. Wengine yako kifuani, wengine tumboni. Binadamu huishia kusikia mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, na funguo zikigongana hutoa pia sauti zinazopita hapo. Kwa nondo, huyo ni popo.

Popo huwinda kwa kupiga mlio na kusikiliza mwangwi wake. Mfikirie mlinzi anayemsaka mwizi shambani usiku kwa tochi. Mwanga lazima umfikie mwizi, kisha urudi machoni pa mlinzi, umeshafifia. Mwizi anauona ukiwa safari ya kwenda tu, kwa hiyo anajua mapema. Ndivyo nondo anavyomsikia popo kabla popo hajamgundua. Mlio ukiwa hafifu, anageuza njia taratibu. Ukiwa mkali, popo yuko mgongoni: anakunja mabawa na kuanguka, kama mtu anavyorukia mtaroni akisikia honi ya lori kisogoni.

Popo *Cloeotis percivali*, kadogo ka mashariki na kusini mwa Afrika, hupiga mlio wa mitetemo kama 212,000 kwa sekunde, wa juu kuliko popo wengine wanaojulikana. Hata hivyo haumfichi popo huyo kwa nondo wa nta, yule ambaye viwavi wake hutafuna masega mizingani: mwaka 2013 watafiti wa Scotland walionyesha kuwa anasikia hadi 300,000. Mbona azidishe hivyo? Huenda ni sikio jepesi la kutofautisha popo na nondo dume anayemwimbia jike, lakini hiyo bado ni dhana.

Ukijaribu kwenu na asianguke, usilaumu funguo. Wapo nondo viziwi, na taa kali nayo hupunguza woga wao.