Usicheke, hata kama huwezi kusema kitu

Mtoto mmoja niliyemsikiliza kwa wiki kadhaa (nimebadilisha mambo madogo asitambulike) hakumlalamikia sana yule aliyembandika jina la dhihaka. Kilichomchoma ni kicheko cha aliyekaa naye dawati moja. "Yule alikuwa rafiki yangu," aliniambia, huku akikunjakunja ukosi wa shati.

Nilipoanza kazi ya unasihi nilikuwa nikiwaambia watoto kama yeye, "Mpuuze tu, atachoka." Ushauri mbovu. Mwonevu atachokaje, na watu kumi wamemzunguka wanamshangilia? Mwaka 1996, mtafiti Christina Salmivalli na wenzake nchini Finland walieleza nafasi wanazoshika wanafunzi uonevu unapotokea: wapo wanaomsaidia mwonevu, wanaomchochea, wanaojitenga na wanaotetea. Anayecheka tu ni mchochezi. Hajamgusa mtu, lakini kiingilio cha onyesho amelipa.

Kule Kanada, watafiti waliwarekodi watoto kwenye viwanja vya shule kwa kamera na vinasa sauti. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba wenzao walikuwapo katika asilimia 88 ya visa vya uonevu, ila waliingilia asilimia 19 tu. Na walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Hata kamba ya kiatu hujamaliza kuifunga.

Kuingilia si lazima kugombana. Msichana mmoja alinieleza mbinu yake: mwonevu hamsemeshi kabisa. Humwendea anayeonewa na kumwambia, "Wewe, daftari langu liko wapi? Njoo tulitafute," kisha wanaondoka. Daftari lenyewe halipo. Uongo huo sikuukemea hata kidogo, kwa sababu mwonevu hapati wa kushindana naye, na anayeonewa haonewi huruma mbele za watu.

Pakiwa na ngumi au silaha, usijitie ushujaa. Kimbia ukamwite mtu mzima. Kwenye makundi ya simu, usiweke kikatuni cha kucheka wala usisambaze ile picha. Mwandikie anayeonewa faraghani: "Nimeona walichokufanyia. Si haki." Inatosha.

Yule wa ukosi alirudi baada ya likizo. Jina bado wanamwita.

"Ila jana," akasema, "wa dawatini kwangu hakucheka."