"Maandamano hayajawahi kumtoa askari kambini"

Maneno hayo nimeyasikia barazani mara nyingi. Mazungumzo yakifika Sahara Magharibi au Palestina, hakosi mmoja wa kuyatamka, kisha ananyanyua kikombe chake cha kahawa kama hakimu aliyekwisha kutoa hukumu. Mimi humjibu kwa Timor ya Mashariki. Ajabu ni kwamba hata wanaoijua habari hiyo wengi huisimulia upogo: kwao ulikuwa muujiza, au hisani ya wakubwa wa dunia. Ilikuwa kazi ya kupanga, sehemu kubwa ikifanywa kwa siri, kwa miaka 24.

Kwa asiyeijua: ni nusu ya kisiwa kilichopo kaskazini mwa Australia, na ilitawaliwa na Ureno kama Msumbiji. Chama cha Fretilin, ambacho jina lake linafanana na la Frelimo iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, kilitangaza uhuru tarehe 28 Novemba 1975. Siku tisa baadaye jeshi la Indonesia likashuka Dili, mji mkuu. Tume ya ukweli iliyoundwa baada ya ukombozi ilikadiria kuwa mzozo huo uliua watu wasiopungua 102,800, wengi wao kwa njaa na maradhi.

Dhana: Nchi ndogo haiwezi kitu. Mwenye nguvu mpishe.

Ukiangalia idadi tu, utakubali. Watimor hawakufika milioni moja, na miaka ya 1990 Indonesia ilikuwa na watu kama milioni 200. Siku moja kabla ya uvamizi Rais Ford wa Marekani na waziri wake Kissinger walikuwa Jakarta, mji mkuu wa Indonesia, wakila na Rais Suharto. Australia ilikwenda mbali zaidi, ikautambua unyakuzi huo rasmi, na mwaka 1989 ikatia saini na Indonesia mkataba wa kugawana mafuta ya chini ya bahari ya Timor.

Lakini mvamizi naye ana anachokitegemea. Anahitaji silaha za kununua, marafiki wa kumfumbia macho, na raia wake nyumbani wasioulizia. Harakati za Timor ziliviendea vitu hivyo kimoja kimoja. Hazikujaribu kulishinda jeshi la Indonesia kwa risasi, kwa sababu hilo kweli lisingewezekana.

Dhana: Ukitaka amani, kwanza uweke bunduki chini. Ukishika bunduki, usiseme amani.

Hapa ndipo wabishi wa barazani hugawanyika makundi mawili, na yote mawili hukosea. Wapiganaji wa Falintil, jeshi la msituni lililoanzishwa na Fretilin, walibaki milimani hadi mwisho. Ila tangu miaka ya 1980 kamanda wao, Xanana Gusmão, aliona kwamba uzito wa mapambano lazima uhamie mijini na ng'ambo. Mwaka 1987 alijitoa Fretilin na kulifanya jeshi kuwa la taifa zima badala ya kuwa la chama kimoja. Hilo halikuwa jambo jepesi. Mwaka 1975, kabla Indonesia haijavamia, Fretilin na chama pinzani cha UDT walikuwa wameuana wenyewe kwa wenyewe, na bila kuziba ufa huo kusingekuwa na harakati yoyote ya kuzungumzia.

Mijini kukafumwa mtandao wa siri. Watu walipewa majina ya bandia, na kila kikundi kiliwajua wachache tu, ili akikamatwa mmoja asiwe na wengi wa kuwataja. Kanisa Katoliki likawa mwavuli. Mwaka 1975 Wakatoliki hawakufika theluthi moja ya wananchi. Kufikia miaka ya 1990 walikuwa karibu wote. Sababu moja ni kwamba utawala ulimtaka kila mtu awe na dini inayotambuliwa. Nyingine ni lugha: Kireno kilipopigwa marufuku, kanisa lilikataa kuswalisha kwa Kiindonesia na likachukua Kitetum, lugha ya watu wenyewe. Sisi tuliokua na Kiswahili tunajua lugha ya sokoni ikipanda madhabahuni mtu hujionaje.

Kisha tazama mwaka 1999, mwaka wa kura ya kuamua hatima ya Timor. Wanamgambo walioungwa mkono na jeshi walikuwa wakichoma nyumba na kuua, na Falintil walikuwa wamejikusanya kwenye kambi zao kwa makubaliano. Xanana aliwaamuru wasitoke. Wangetoka, Jakarta ingepata ilichokitaka: picha ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kisingizio cha kubaki. Kuwa na bunduki na kuacha kuitumia huku unasikia kijiji chako kinateketea, sijui kama kuna nidhamu kubwa kuliko hiyo.

Dhana: Mkanda mmoja wa video ndio ulioikomboa Timor.

Mkanda upo, na wengi wameuona. Tarehe 12 Novemba 1991, baada ya misa, maelfu waliandamana hadi makaburi ya Santa Cruz, Dili, kumkumbuka kijana Sebastião Gomes aliyeuawa wiki mbili kabla. Askari wakamimina risasi. Inakadiriwa watu zaidi ya 200 waliuawa. Mpiga picha Mwingereza, Max Stahl, alifukia kanda zake ndani ya kaburi jipya, akazirudia usiku, zikatoroshwa nje ya nchi.

Kinachosahaulika ni yaliyotangulia. Kulikuwa na mauaji makubwa kuliko hayo miaka ya nyuma ambayo hayakupigwa picha. Waandishi wa nje walikuwa wameanza kuingia mwaka 1989 tu, na vijana wakautumia mlango huo mara moja: Papa Yohane Paulo wa Pili alipomaliza misa yake nje ya Dili Oktoba mwaka huo, walikunjua mabango mbele ya kamera. Mwaka 1991 walikuwa wameandaa mabango tena kwa ajili ya ujumbe wa wabunge wa Ureno. Ziara ikavunjika, mabango yakaenda Santa Cruz. Ni watu waliokuwa tayari, basi kamera ikawakuta.

Na mkanda haukujisambaza. Mwezi uliofuata kikundi cha mshikamano cha ETAN kiliundwa Marekani, kikaanza kubisha hodi kwa wabunge, na mwaka 1992 bunge la Marekani likakata fedha za kuwafunza wanajeshi wa Indonesia. Uingereza, mwaka 1996, wanawake watatu waliingia kiwandani na nyundo wakaivunjavunja ndege ya kivita aina ya Hawk iliyokuwa ipelekwe Indonesia. Baraza la wazee wa mahakama mjini Liverpool likawaachia huru, pamoja na mwenzao wa nne aliyeshiriki kupanga. Wanawake hao walikiri kila walichofanya na kusema walikuwa wakizuia uhalifu mkubwa zaidi. Ndege nyingine ziliendelea kuuzwa, tusidanganyane, lakini baada ya hapo hakuna waziri wa London aliyeweza kusema hajui zinakwenda kufanya nini.

Dhana: Umoja wa Mataifa ndio uliowaokoa.

Ulifika, ila ulichelewa sana. Baraza la Usalama liliitaka Indonesia iondoke Desemba 1975, na karatasi ikabaki karatasi. Katika Baraza Kuu kura zilipungua mwaka hadi mwaka. Mwaka 1982 azimio lilipita kwa kura 50 dhidi ya 46, na baada ya hapo halikurudishwa kupigiwa kura. Kilicholifufua suala hilo ni wanadiplomasia wasio na ofisi kama José Ramos-Horta, aliyezunguka dunia kwa miaka mingi hadi akapewa Nobel ya Amani mwaka 1996 pamoja na Askofu Carlos Belo. Afrika pia ina mkono wake: viongozi kadhaa wa Fretilin walipewa makazi Maputo, na mwaka 1997 Nelson Mandela, akiwa ziarani Jakarta, alimwomba Suharto amruhusu kumwona Xanana, ambaye Indonesia ilikuwa imemkamata na kumfunga. Akaletwa kutoka gerezani, wakakaa meza moja.

Dhana: Raia wa nchi vamizi wote ni maadui.

Dhana hii ndiyo inayoharibu harakati nyingi, kwa maoni yangu. Indonesia iliwapa vijana wa Timor nafasi za vyuo vikuu ili wageuke Waindonesia. Mwaka 1988 wanafunzi hao hao wakaunda RENETIL, chama cha siri, ndani ya nchi iliyowakalia. Walijifunza jinsi Waindonesia wanavyofikiri, wanavyotania, wanavyomwogopa Suharto. Novemba 1994, Rais Clinton akiwa anakuja mkutanoni, vijana 29 waliruka uzio wa ubalozi wa Marekani mjini Jakarta na kukaa humo siku 12. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Desemba, miaka 20 kamili baada ya uvamizi, walioruka nyua za balozi za Uholanzi na Urusi walikuwa Watimor na Waindonesia pamoja. Wapigania demokrasia wa Indonesia waliokwenda jela kwa sababu ya msimamo wao walikuwa wameelewa kuwa jeshi linaloua Dili ndilo linalowaziba midomo Jakarta.

Suharto alipoanguka Mei 1998, mrithi wake Habibie alikuta gharama ya kuing'ang'ania Timor imezidi faida. Akakubali Watimor wapige kura ya kuamua hatima yao. Tarehe 30 Agosti 1999 zaidi ya asilimia 98 ya walioandikishwa walijitokeza licha ya vitisho, na asilimia 78.5 wakachagua kutengana. Yaliyofuata yalikuwa moto na vilio, hadi jeshi la kimataifa lilipotua tarehe 20 Septemba.

Uhuru kamili ulikuja tarehe 20 Mei 2002. Rais Megawati wa Indonesia alihudhuria, na Xanana, wakati huo akiwa rais wa Timor, akampokea jukwaani mbele ya umati ukipiga makofi. Kabla ya sherehe Megawati alikuwa amepita kwenye makaburi ya askari wa Indonesia waliofia Timor. Makaburi hayo hayakufukuliwa. Yapo Dili hadi leo.